"Soma Hiki, Humu Umo"

Dada Mshauri,

Wasomaji wengi wa safu hii wanakuita Shangazi. Naomba uniruhusu nikuite Dada. Ukisoma barua hii mpaka mwisho utaelewa sababu.

Nina miaka 33. Nafanya kazi idara ya mishahara kwenye kampuni moja hapa Mwanza. Nimepanga chumba na sebule, naishi peke yangu. Sijaolewa, sina mtoto, na mtu wa kusema huyu ndiye rafiki yangu, sina. Ijumaa jioni nikishamuaga mlinzi wa getini, nisipokwenda gengeni kununua nyanya sizungumzi tena na mtu mpaka Jumatatu.

Najua watu wananiona wa ajabu. Mtu akiniuliza habari za asubuhi, mimi namweleza kweli: kwamba maji yamekatika tangu jana, kwamba sikulala. Halafu naona uso wake unabadilika, kumbe alikuwa anapita tu. Wenzangu wakicheka, mimi nachelewa kucheka, nikicheka wao wameshanyamaza. Michango ya harusi natoa mapema kuliko wote, lakini siku ya sherehe siendi. Chakula cha mchana nakula stoo, nimesimama, hotpoti nimeiweka juu ya boksi la karatasi.

Mwezi uliopita dada mmoja wa masijala, ambaye ndiye pekee huwa anapita kunisalimia, aliniletea riwaya ya Kiingereza. Inaitwa Eleanor Oliphant Is Completely Fine, mwandishi ni Gail Honeyman wa Scotland. Akaniambia, "Soma hiki, humu umo." Nikaanza usiku uleule, na nikaumia. Kurasa za mwanzo zinamwonyesha mhasibu wa ofisini, mwanamke asiyejua kukaa na watu, wenzake wanamcheka wakidhani hasikii. Nikasema, ndivyo anavyoniona basi. Nikakitupa chini ya kitanda. Baada ya siku kadhaa nikakitoa na kukisoma mpaka mwisho, na nililia mpaka jirani akagonga ukuta.

Dada, mama yangu alifariki nikiwa na miaka sita, baba akanipeleka kwa dada yake. Shangazi alinisomesha hadi kidato cha sita, hilo sitalikana. Lakini katika nyumba ile nilikula baada ya wote kumaliza, jikoni, nimesimama. Nikikaa, nilikuwa najifanya mtoto wa nyumba. Nikivunja sahani nilifungiwa stoo ya mkaa mpaka asubuhi. Begani nina kovu la maji ya moto, ndiyo maana sivai mikono mifupi hata kukiwa na joto la namna gani. Akinipiga alikuwa anasema mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Majirani walikuwa wanasikia. Hakuna aliyewahi kuja kuuliza.

Shangazi alifariki mwaka jana. Lakini mpaka leo nikitaka kuvuta kiti, nasikia ndani yangu, "Nani kakwambia ukae?" Kwa hiyo nilipofika mahali ambapo ukweli kuhusu mama yake Eleanor unatoka, mikono ilinitetemeka.

Usiku silali bila vidonge vya usingizi. Nanunua duka la dawa, bila cheti. Nilianza na kimoja, sasa ni viwili.

Mwezi ujao ukoo unafanya misa ya kumbukumbu ya mwaka mmoja wa shangazi. Baba ameamua mimi ndiye nisome shukrani za familia, kwa kuwa ndiye niliyelelewa naye. Mama mdogo anasema nina jini mahaba, nikaombewe. Wengine wanasema nikiolewa yote yataisha. Na huyu dada wa masijala amenialika kwao Jumapili, nile na yeye na mama yake. Je, nimwamini? Nimweleze yaliyonipata? Na huku kupona kwa Eleanor ni kwa kweli, au ni mambo ya kwenye vitabu vya Wazungu?

Mimi wa Idara ya Mishahara, Mwanza

*

Mdogo wangu,

Dada ni jina zuri, nimelipokea. Pole sana. Na kabla ya yote niseme jambo ambalo nadhani hakuna mtu mzima aliyekuambia ulipokuwa mtoto: ulionewa. Kumfungia mtoto kwenye stoo ya mkaa usiku kucha si malezi, na methali haikuwahi kutungwa ili kuhalalisha maji ya moto begani mwa mtoto. Tanzania ina Sheria ya Mtoto ya 2009 inayokataza mtoto kuteswa, lakini hata bila sheria hiyo, wale majirani walijua kwamba wanachosikia si haki. Walinyamaza, na ukimya wao ulikufunza kwamba binadamu hawaji. Ndiyo maana leo akija mmoja na kitabu mkononi, unatafuta kwanza ameficha nini.

Riwaya hiyo naijua vizuri na ninaipenda. Ilitoka 2017, ikapata tuzo ya Costa ya riwaya ya kwanza ya mwandishi. Honeyman ameeleza mwenyewe kwamba wazo lilimjia aliposoma makala ya gazeti kuhusu upweke, ambamo msichana wa mjini, mwenye kazi na afya yake, alisema mara nyingi akitoka kazini Ijumaa hazungumzi na mtu mpaka Jumatatu. Rudia kusoma sentensi yako kuhusu mlinzi wa getini. Hukuwa umeisoma makala hiyo, na yule msichana hakuwahi kukuona. Hali hii inawashika watu wengi mno. Uingereza iliteua waziri wa kushughulikia upweke Januari 2018, na ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya Juni 2025 inasema mtu mmoja kati ya kila sita duniani anaishi na upweke. Tumezoea kudhani ni maradhi ya huko ughaibuni kwa kuwa sisi tuna ukoo, tuna majirani, tuna vikao. Wewe una vyote hivyo, na unakula umesimama stoo.

Sasa huyu dada wa masijala. Mtu anayetaka kukucheka hakupi kitabu cha kurasa zaidi ya mia tatu. Anakucheka na wenzake, kazi yake inaishia hapo. Na kumbuka yeye alikuwa amekisoma mpaka mwisho kabla hajakupa. Wewe ulipokasirika ulikuwa kwenye kurasa za mwanzo, ambako tunakutana na Eleanor anayechekwa na wenzake. Yeye alikuwa anamwona Eleanor wa mwisho, ambaye msomaji yeyote mwenye moyo anakuwa ameshampenda. Maneno yake yalikuwa mafupi mno na yalichoma, nakubali. Angeweza kusema vizuri zaidi. Lakini mruhusu na yeye akosee kidogo. Hata wanaojua kuongea na watu hukosea.

Nenda Jumapili.

Ninasema hivyo kwa sababu ya kitabu chenyewe. Jiulize nini hasa kilianza kumbadilisha Eleanor. Kwa kurasa nyingi anajidanganya kwamba atapona kwa kupendwa na mwanamuziki ambaye hata hamjui. Ananunua nguo, anakwenda saluni, kisha siku ya tamasha anagundua kwamba hakuna kitu. Kumbe kazi ilikuwa imeshaanza kwingine, kimyakimya: yeye na Raymond, kijana wa kompyuta pale ofisini, wanamsaidia mzee aliyeanguka barabarani, wanamtembelea hospitali, na baadaye Raymond anampeleka nyumbani kwa mama yake. Wanakula chakula cha kawaida, wanaosha vyombo. Hakuna hotuba. Mama yule hamhoji kuhusu kovu la usoni. Kwangu mimi kurasa zile ndizo kiini cha riwaya nzima, na mwaliko wako wa Jumapili umefanana nazo mno, usiukatae.

Mwambie mapema kwamba utatoka saa tisa alasiri. Ukishajua saa ya kuondoka, saa za kukaa zinapungua uzito. Beba matunda, au kilo ya sukari. Mama akitoka mwamkie shikamoo; hapo mila zetu zinakusaidia, kwa sababu maneno ya kuanzia yameshapangwa, huna haja ya kuyabuni. Akikuuliza habari za kwenu, jibu nzuri. Ukijibu hivyo hujadanganya, umemfungulia tu mlango wa mazungumzo. Kisha muulize yeye kuhusu kitu unachokiona pale: picha ukutani, kuku uani, mboga alizopanda. Watu waliokulia kwenye hofu kama wewe huwa na macho makali ya kuona vitu vidogo, kwa sababu walikuwa wanasoma uso wa mtesaji kila siku. Macho hayo sasa yatumie kwa jambo jema.

Na utakapoonyeshwa kiti, moyo utakwenda mbio. Kaa. Kaa hata kama unaisikia ile sauti. Ukiona huwezi, sema unanyoosha mgongo, simama kidogo, kisha rudi ukae tena. Hakuna atakayekusuta.

Usimweleze yote siku hiyo. Mtu aliyekaa kimya miaka ishirini na zaidi akifungua kinywa kwa mara ya kwanza mezani kwa watu, yanaweza kumwagika yote kwa mara moja, na usiku ukajuta na kuanza kumkwepa. Sentensi moja inatosha: "Nililelewa kwa shida, kukaa na watu kunanipa tabu kidogo." Angalia anaifanyia nini. Akiipokea vizuri na usiisikie ikitembea ofisini, utajua una mtu. Mengine utampa taratibu, kwa kadiri anavyoonyesha anaweza kuyabeba.

Umeuliza kama kupona ni kwa kwenye vitabu vya Wazungu. Nikuambie habari ya Harare. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili wa Zimbabwe, Dixon Chibanda, alikuwa amempoteza mgonjwa wake, msichana aliyejiua kwa sababu familia haikuwa na nauli ya kumrudisha hospitali. Madaktari wa fani hiyo nchini walikuwa wa kuhesabika. Akaanza na bibi wachache wa mtaa wa Mbare, akawafundisha namna ya kumsikiliza mtu na kumsaidia kutatua shida moja baada ya nyingine, wakawa wanakaa na wagonjwa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti uliofanyika katika kliniki 24 za Harare: waliokaa kwenye benchi na bibi walikuwa na dalili chache zaidi za sonona baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umefika hadi Zanzibar. Wale bibi ni Waafrika, maneno yao ni ya Kiafrika, na wanaopona ni watu wa uswahilini wenye shida za kodi, ndoa na misiba. Kwa hiyo ondoa shaka hiyo.

Lakini kuna kitu kimoja ambacho riwaya imekiweka wazi na ambacho wasomaji wengi wanakiruka kwa kumpenda Raymond. Raymond hakumponya Eleanor. Alimkuta amezimia kwa pombe, akakaa naye, akampikia supu, akahakikisha anakwenda kwa daktari. Aliyekaa na Eleanor wiki baada ya wiki mpaka yaliyofichwa yakatoka ni mshauri nasaha, Maria Temple. Rafiki alimfikisha mlangoni tu. Daktari Judith Herman wa Marekani, ambaye amewatibu watu wengi walioteswa, aliandika mwaka 1992 kwamba uponyaji una hatua: kwanza mtu awe salama, kisha akumbuke na kuomboleza, kisha arudi kwa watu. Honeyman ameufuata mpangilio unaofanana na huo, ndiyo maana riwaya yake inaaminika. Na haimalizii na harusi! Eleanor anafika mwisho akiwa na kazi yake, paka wake na rafiki yake. Waliokuambia uolewe ili upone, wape wasome. Ndoa haitibu kovu la begani. Mara nyingi inampelekea mtu mwingine mzigo asioujua, na mwanamke aliyezoeshwa kunyanyaswa anaweza kumvumilia mnyanyasaji mpya kwa sababu manyanyaso anayafahamu tangu utotoni. Eleanor mwenyewe alikuwa ameshapitia kwa mwanamume aliyempiga.

Kuhusu jini mahaba, sala siikatazi na wala sikudharau imani yako. Ukitaka kuombewa, ombewa na mtu anayekuheshimu, asiyekupigia kelele wala kukushika kwa nguvu. Ila usikubali kuitwa nyumba ya pepo kwa sababu ya mambo uliyofanyiwa na binadamu.

Sasa ile sauti. Wasomaji ambao hamjakisoma kitabu mnisamehe, hapa siwezi kumjibu mwenzenu bila kufichua mwisho. Kila Jumatano mama yake Eleanor anapiga simu na kumtukana, anamwambia hafai, hapendeki. Mwishoni tunagundua kwamba mama alikufa zamani kwenye moto ule ule aliouwasha, pamoja na mdogo wake Eleanor, Marianne. Eleanor alikuwa akizungumza na sauti aliyoibeba mwenyewe. Siku anayoikatia simu kwa mara ya mwisho, anaikata baada ya kupata msaada, akiwa na watu wa kumshika. Ulitetemeka ulipofika pale kwa sababu ulimtambua shangazi. Hiyo haina maana kwamba una kichaa. Mtoto anayepigwa hujifunza kujikaripia kabla hajakaripiwa, maana kufanya hivyo kulimwokoa mara nyingi. Ilikuwa akili ya kujilinda, na kwa wakati ule ilikuwa sahihi. Leo chumba ni chako, kodi unalipa wewe, kiti umenunua wewe. Jaribu jambo moja nyumbani, peke yako: pakua chakula, weka mezani, kaa, na sauti ikiuliza nani kakwambia ukae, ijibu kwa mdomo, usikie masikio yako yenyewe: "Mimi." Mara ya kwanza utaona kama unaigiza. Endelea.

Vidonge ndivyo vinavyonitia hofu kuliko yote uliyoandika. Dawa za usingizi za aina nyingi, ikiwemo ile watu wanayoizoea ya diazepamu, mwili huzizoea, ndipo kimoja kinakuwa viwili. Usiongeze cha tatu. Na tafadhali sana usiache ghafla kwa sababu umesoma hapa. Kuacha kwa mkupuo baada ya kutumia muda mrefu kunaweza kuleta degedege. Zinapunguzwa kidogokidogo, chini ya usimamizi wa daktari. Uko Mwanza, na hospitali ya Bugando hapo ina idara ya magonjwa ya akili. Nenda na boksi la dawa mkononi. Najua watu wa kwetu wakisikia daktari wa akili wanawaza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mirembe na watu waliofungwa kamba. Utakuta foleni ya walimu, mama lishe, wanafunzi wa chuo. Sema hivi mapokezi: "Silali, natumia dawa nilizojinunulia, na nilipata mateso utotoni." Omba, mbali na dawa, kuonana na mwanasaikolojia, na umwambie unatafuta tiba ya mazungumzo kwa ajili ya kiwewe.

Nikuulize pia swali ambalo hukuligusa. Eleanor alifika mahali akatamani kufa. Je, wewe umewahi kufika hapo, hasa usiku, vidonge vikiwa mkononi? Kama ndiyo, usisubiri Jumapili wala Jumatatu. Mpigie yule dada leo, mpe vidonge avitunze, na muende hospitali pamoja. Kama ni saa nane za usiku, nenda ukagonge kwa yule jirani anayegonga ukuta.

Imebaki misa. Usisome shukrani hizo. Shangazi alilipa ada, na shangazi alikuunguza. Yote mawili ni kweli na hakuna linalofuta lingine, lakini kwenye karatasi ya misa watakuandikia moja tu, na utasimama mbele ya watu ukilisoma kwa sauti yako huku begani kunawaka. Wanaokuharakisha usamehe hawajawahi kukaa na wewe wakasikia cha kusamehe. Kwenda au kutokwenda ibadani ni uamuzi wako, na sitakusukuma upande wowote. Ukienda, kaa nyuma, kaa na mtu wako, na ujue utaondokaje. Usipokwenda, hujamvunjia Mungu heshima.

Kwa baba tuma ujumbe, usipige simu, maana kwenye simu atakushinda maneno: "Shikamoo baba. Nimepata taarifa ya misa. Sitaweza kusoma shukrani za familia, naomba apangiwe mtu mwingine mapema. Nitakuja kuzungumza nawe nikiwa tayari." Usieleze zaidi ya hapo. Atauliza kwa nini, na pengine atakasirika. Yeye ndiye aliyekupeleka katika nyumba ile, na kuna siku itabidi alisikie hilo kutoka kwako, lakini siku hiyo uichague wewe, ukiwa umeshaanza kliniki na ukiwa unalala usiku. Mwezi huu shughulikia kwanza kumwona daktari. Ukishaonana naye niandikie, uniambie amesema nini kuhusu vile vidonge.

Dada yako